Mkasi Wenye Mguu Mmoja

Shuleni Morotonga,
karibu na Mugumu,
Jumapili, baada ya ibada.

Kaka yangu Chacha,

Shikamoo. Leo nakuamkia wewe kwa jina. Barua zangu zote tangu niondoke nimeandika "Kwa mama yangu mpendwa", na najua zimesomwa na shemeji kwa sauti, mama akiwa kwenye kigoda chake, na wewe ukiwa umekaa mlangoni unajifanya unasokota kamba. Shemeji ameniambia. Anasema kamba hiyo haiishi, na kwamba akifika kwenye habari za chakula ninachokula huku unacheka kwa pua. Basi leo weka kamba chini, kaka, ushike karatasi mwenyewe. Tulikaa benchi moja pale kwa mwalimu wa misheni na unasoma vizuri kuliko mimi. Wewe hukuchapwa hata siku moja kwa ajili ya kusoma. Mimi mwalimu alichoka kunichapa.

Mimi ni mzima wa afya, nashukuru Mungu. Nilipata homa mwezi uliopita, siku nne nililala kama gogo, lakini imekwisha na sasa nakula kama zamani. Hofu yangu ni kwenu. Mama hajambo? Magoti yake yanamruhusu kwenda kisimani, au bado anaenda kwa ubishi tu? Yule ng'ombe mwekundu mkorofi amezaa? Ulezi wa shamba la juu uliiva kabla ndege hawajaumaliza?

Na mkono wako haujambo? Swali hili nimeliandika mara tatu kwenye karatasi nyingine na mara tatu nikalifuta. Sasa naliacha hapo lilipo.

Kilichonifanya nikuandikie wewe ni barua ya shemeji iliyoletwa na Marwa, yule mchuuzi wa ng'ombe. Shemeji aliandika kwamba mabati ya nyumba ya mama yamefika, yamelazwa ghalani juu ya magogo yasishike unyevu. Nilipoyasoma maneno hayo niliruka mpaka watu wakaniuliza kama nimeoa. Mama yetu ataezekewa bati! Halafu nikaendelea kusoma. Mama amekataa nyumba ya pembe nne. Amesema tangu azaliwe hajalala kwenye nyumba yenye kona, na hataki kuanza uzeeni kutafuta ni kona ipi iliyomficha nyoka. Anataka nyumba ya mviringo kama zote alizokaa, ila juu iwe bati. Nilicheka sana hapo, maana nilimsikia kabisa.

Lakini mstari wa mwisho haukunichekesha. Shemeji ameandika: "Kaka yako anasema atayakata mwenyewe kwa patasi ya marehemu baba, peke yake. Hataki mtu wa kumshikia. Nimemwambia angoje, amenyamaza. Wewe unajua akinyamaza ni nini."

Najua. Kaka, nakuomba usiguse bati hata moja kabla hujaimaliza barua hii.

Ile siku ya banda la kanisa wewe ulikuwepo, sihitaji kukusimulia. Lakini hujawahi kuisikia kutoka upande wangu, kwa sababu sikuisema. Niliondoka kovu lako likiwa bado bichi, niliondoka kama mwizi, na mama alidhani nimefuata kazi. Kazi ilikuwapo, ni kweli. Ila hata kama isingekuwapo ningeondoka.

Mabati yalikuwa matatu tu, ya kupunguza kidogo. Wewe ulisema tumngoje fundi wa Sirari, angekuja baada ya siku mbili na mkasi wake. Mimi nikakwambia, "Siku mbili? Mura, hiki ni kitu chembamba kuliko ngozi ya fahali! Tumekata ngozi ngapi mimi na wewe?" Ndiyo maneno yangu, nayakumbuka yote, hata lile "mura" la kukuita kijana mwenzangu. Watu wa kanisa walikuwa wamesimama wanatutazama na mimi nilitaka waone. Ukasema tena tungoje. Nikaenda kuchukua patasi ya baba.

Tukalikata bati kama ngozi. Wewe ukalishika kwa mikono miwili ukalivuta kwa nguvu, kama baba alivyotufundisha kuvuta ngozi mbichi ili kisu kipite bila kukwama, na mimi nikapiga patasi kwa nyundo, nikija kwako. Ngozi ukiivuta inatulia. Nani alikuwa ametuambia kwamba bati si hivyo? Lilipobaki kama upana wa kiganja likachanika lenyewe, likakimbia, na mwisho wa mbio zake ulikuwa mkono wako wa kuume. Hukupiga kelele. Ulisema, "Basi." Neno hilo moja tu. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na aliyeumia ni mkuu mwenyewe. Baadaye yule mganga wa zahanati Tarime alipotuambia kwamba vidole viwili havitakunja tena, wewe ulimwambia asante. Msimu ule nilikuona shambani unajaribu kushika mpini wa plau kwa vidole vitatu na ng'ombe wanakuyumbisha huku na huku, na ukaniona ninakuona. Siku ya tatu yake nikavuka Mto Mara. Nakuomba radhi, kaka. Nilipaswa kuanza na neno hili kabla ya shikamoo.

Sasa nikueleze ya huku, maana yanahusu mabati yako.

Nilipofika Morotonga walikuwa wanajenga shule hii ya kanisa, vyumba vitatu na nyumba ya mwalimu, na fundi wa paa alikuwa mzee mmoja Mjaluo kutoka ng'ambo ya mpaka, jina lake Fundi Oduor. Kazi ya bati alijifunza jeshini wakati wa vita vya juzi. Alifika mpaka Burma, na anasema huko aliezeka mabanda mengi kuliko alivyopiga risasi. Ni mzee wa maneno machache, na machache yenyewe yanauma. Nami niliwaambia kwamba mimi ni fundi wa bati. Wakanipa bati la kwanza.

Unaweza kukisia. Nikamwita kijana mmoja Mwikoma wa hapa, nikamwambia vuta. Akavuta vizuri kweli, nao ni wafugaji, hakuhitaji kuelezwa. Nikachukua patasi. Kaka, nilikuwa nimeshainua nyundo. Nikaiona mikono ya yule kijana pale mwisho wa bati na mkono wangu ukagoma kushuka. Nilisimama hivyo nyundo ikiwa juu, jasho linanitoka, watu wanaanza kucheka.

Fundi Oduor akaja. Akanitazama, akamtazama kijana.

"Wewe wa Nyamongo," akasema, "hii bati imekukosea nini?"

Nikasema hakuna.

"Huko kwenu bati inachunwa kama mbuzi? Hapana vuta. Mwachie. Lalisha chini."

Yule kijana akaliachia. Mzee akatulazimisha tulilaze juu ya miti miwili iliyonyooka, akaligusa kwa kiganja kama mtu anayemtuliza ndama. Akasema ngozi imekufa, haina haraka ya kwenda mahali. Bati ukilivuta linaweka nguvu zako zote ndani yake, na likipata mwanya linazirudisha. Ndivyo alivyosema, kwa Kiswahili chake kile. Halafu akaninyang'anya patasi na kunipa kazi ya kubeba maji ya zege kwa wiki mbili. Fundi wa bati kutoka Nyamongo, kichwani ndoo! Usimwambie mama sehemu hiyo. Au mwambie, atafurahi.

Kutoka kwenye ndoo zangu nilikuwa nikimtazama anavyokata. Ana mkasi mkubwa, mrefu kama mkono mpaka begani, wa ajabu kidogo. Mguu mmoja ni wa kushika, na mguu wa pili umepinda chini, una ncha. Ile ncha anaipigilia kwenye tundu la gogo, mkasi unasimama wenyewe kinywa wazi kama mamba. Yeye hashiki kitu. Anakaa, anauweka mkono wake juu ya ule mguu wa juu, anaugandamiza kwa kiganja, mwenzake anamsogezea bati, na bati linakatika kimyakimya. Hapigi, havuti. Nilidhani ni uvivu wa uzee. Nikasema moyoni, mimi ningeushika kwa mikono miwili ningemaliza mabati kumi yeye akiwa kwenye la tatu.

Wiki mbili zilipokwisha aliniita nimsogezee bati. Ndipo nikauona mkono wake kwa karibu. Vidole vyake vimevimba kwenye maungio na vimekakamaa, hawezi kukunja ngumi. Kikombe cha chai anakibeba kwa viganja viwili. Na mtu huyo ndiye anayekata bati vizuri kuliko fundi yeyote kutoka hapa mpaka Musoma.

Nilikosea kipimo siku hiyo mara mbili. Mara ya pili akaniuliza ninatazama nini. Nikamwambia. Nikamwambia yote, banda la kanisa, patasi, neno "basi", plau. Sikukusudia, yalitoka tu, na watu wa zege wakayasikia pia. Nilidhani atanihurumia au atanikaripia. Akasema, "Sogeza bati." Tukaendelea kukata mpaka saa ya chakula.

Barua ya shemeji ilipofika nilimsomea ule mstari wa mwisho. Kesho yake akaniambia kuna lori linakwenda Musoma kuchukua misumari na kwamba mimi na yeye tutapanda. Sikujua kwa nini anataka mimi.

Kutoka hapa mpaka Musoma ni siku nzima ya vumbi. Tulifika tumekuwa wekundu kama vichuguu. Asubuhi tukaenda kwenye duka la Mhindi mmoja anayeuza vyombo vya mafundi. Fundi Oduor akakaa kwenye gunia la misumari, akaniambia, "Kaka yako ana bati. Wewe chagua chombo."

Kaka, pale dukani kila kitu kilikuwa kinang'aa. Kwanza nikachukua msumeno wa chuma, ule wa wembe mwembamba. Mzee akaomba kipande cha bati, akaniambia nijaribu. Msumeno ukaingia kidogo, halafu ile fremu yake ikagonga kwenye bati, haiwezi kwenda mbele. Na bati lilikuwa linatetemeka na kulia mpaka wateja wakaziba masikio. Nikaurudisha. Nikachukua patasi ya kukatia chuma, ngumu, si kama ile ya baba ambayo ni ya kuchongea mbao tangu mwanzo na hatukujua. Mzee akanigeuzia tu kile kipande na kunionyesha patasi ilivyokwangua ile ngozi nyeupe inayolinda bati. Hapo kutu itaanza mvua ya pili. Na ukingo umebaki na meno, na meno hayo yanangoja mkono wa mtu. Nikairudisha haraka.

Mwisho nikapata. Mkasi mdogo wa mkono, mpya, mzuri, umepakwa rangi nyekundu kwenye mishikio. Nikaukunja na kuukunjua. Nikakata kipande cha debe, ukakata kama kitambaa. Nikamwambia mzee, "Huu."

"Hiyo ni ya nani?" akauliza.

"Ya kukatia bati."

"Mimi nauliza ya nani. Nani atashika?"

Nikasema, mimi. Akanitazama. Nikasema tena, mimi, si ndiye ninayejua kukata?

"Kumbe nyumba ni ya mama yako na bati ni ya kaka yako," akasema, "lakini mkasi ni ya wewe." Akageuka akaanza kuongea na mwenye duka bei ya misumari, kana kwamba mimi nimekwisha ondoka.

Nilisimama pale na ule mkasi mwekundu. Niliukunja tena, na safari hii nikatazama vidole vyangu vinavyofanya. Ni vile viwili, kaka. Cha kati na cha pete. Vyenyewe ndivyo vinavyouvuta mkasi ujifunge, vingine vinasindikiza tu. Katika Musoma nzima nisingeweza kuchagua chombo ambacho wewe huwezi kukitumia zaidi ya kile. Nilikuwa nakuletea nyumbani kitu kizuri cha kukukalisha pembeni, ukinitazama.

Nikauweka mezani. Nikamwambia mwenye duka nataka ule wa mguu mmoja wa kupigilia kwenye gogo. Akasema hana. Fundi Oduor akasema anao, uko kwenye lile sanduku chini ya minyororo, aliuona mwaka juzi. Mwenye duka akalalamika kwamba hilo sanduku halijafunguliwa tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe. Tukalivuta. Mkasi ulikuwemo, mwekundu kwa kutu. Mzee akautikisa karibu na sikio kusikia kama msumari wa katikati umelegea. Akaomba karatasi ya majani ya chai, akailowesha, akaikata. Mkasi uliolegea unaikunja karatasi mbichi, haukati. Huu uliikata mpaka mwisho.

"Wewe nataka nunua ama nataka maliza duka yangu?" mwenye duka akauliza.

Nikanunua.

Kwenye lori tukirudi mzee aliongea kuliko siku zote. Alisema watu huchagua chombo kwa kutazama bati, na bati zote ni moja. Alisema chombo unachagua kwa kutazama mkono. Halafu akalala njia nzima na kichwa chake begani mwangu, na kukoroma kwake kulikuwa kwa Burma.

Nimeusugua kwa majivu na mafuta ya taa siku tatu. Sasa unang'aa kuliko ule mwekundu.

Huo mkasi, kaka, ndio ule mzigo uliofungwa kwenye gunia ambao Marwa amekupa pamoja na barua hii. Nilitaka kwanza nije nao mwenyewe. Nikafikiri, nikija nao nitakuwa nimekuwekea sharti: usiponipokea, hupati mkasi. Sitaki hivyo. Ni wako kuanzia sasa, hata kama hutaki kuniona.

Sikiliza unavyotumika. Tafuta gogo la mti mgumu, ule ambao mchwa wanaukimbia, ulichimbie chini mpaka libaki kimo cha goti. Choma tundu kwa chuma cha moto, pigilia ule mguu wenye ncha, na utikise. Ukicheza, ongeza kabari. Wewe unakaa upande wa mkasi. Kiganja chako cha kuume kinatosha, vidole vikunje visikunje hakuna atakayeviuliza. Ukichoka tumia kiwiko. Usifunge mkasi mpaka ncha, ukifika karibu na ncha fungua, sogea mbele, kandamiza tena, maana ukiufunga wote unaacha jino kwenye bati. Kwenye mgongo wa bati unapanda pole pole na kwenye bonde unashuka pole pole. Mimi hiyo pole pole nimejifunza kwa ndoo za maji, wewe ulizaliwa nayo.

Nyumba ya pembe nne ungeweza kuiezeka karibu bila kukata. Hii ya mama kila bati litakatwa, kwa hiyo usikubali mtu akuharakishe, hata mama. Pima kwa uzi na mkaa, mstari wa kuinama kutoka pembe ya juu mpaka pembe ya chini, lakini kule kwembamba bakiza upana wa kiganja. Bati moja linakupa vipande viwili, vipana chini, vyembamba juu, navyo vinaizunguka nyumba vizuri. Misumari ipite kwenye mgongo, si kwenye bonde ambako maji yanapita, na chini ya kila kichwa cha msumari weka kipande cha ngozi. Hapo ndipo ngozi inapotufaa! Kule juu kabisa acha nafasi uifunike na kofia ya debe iliyoinuliwa kidogo, la sivyo moshi wa mama utabaki ndani, maana bati halipumui kama nyasi, na atatulaumu sote wawili mpaka siku ya mwisho.

Mwambie pia ajiandae kwa kelele. Wiki iliyopita mvua ya kwanza ilinyesha juu ya shule yetu wakati mwalimu akifundisha hesabu. Alipaza sauti, akapaza tena, mwisho akaweka chaki chini. Watoto walikuwa wameinua nyuso wote wanalitazama paa, na hakuna tone hata moja lililopita. Fundi Oduor alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Aliniambia, "Haya, sasa wewe ni fundi," akaenda zake kutafuta chai. Nilitamani ungekuwepo.

Kazi yetu hapa inaisha mwezi huu. Kanisa wananitaka niende nao kuezeka kwingine na nimewaambia nitawajibu baada ya kutoka nyumbani. Marwa atarudi huku na ng'ombe wa mnada kabla mvua hazijakolea, na mto bado unavukika pale kwenye mawe. Mpe jibu. Hata likiwa neno moja, najua huandiki marefu.

Nisalimie mama, shikamoo yake mara mbili, na umwambie nimemtii: hii nyumba haitakuwa na kona. Nisalimie pia shemeji Bhoke, mwandishi wetu, ambaye bila yeye tungekuwa wageni mimi na wewe. Shangazi Ghati naye apate salamu zake, asianze kunitafutia mchumba kabla sijafika, nitatafuta mwenyewe nikishindwa ndipo aingie. Mkipata mtu anayekwenda ng'ambo ya mpaka, dada yetu Robhi ajulishwe kuhusu nyumba, aje na shemeji yetu wakati wa kuezeka, wapishi watahitajika. Na mwinjilisti wa pale kanisani umwambie lile banda nitakuja kulirekebisha, zile kingo nilizoziacha na meno haziniachi.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe. Mkasi unahitaji watu wawili. Mmoja wa kukandamiza, na mmoja wa kushika bati na kulisogeza, na huyo wa pili ndiye ambaye mikono yake inakaa karibu na ukingo. Mkasi unao tayari, na kijiji chetu cha Kerende hakikosi vijana wenye nguvu. Yeyote utakayemwita atakuja, na nyumba ya mama itaezekwa vizuri na mimi nikiwa huku huku.

Kaka, nakuomba mtu huyo niwe mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Mwita.